Nani asubiri: kuulinda mtandao wa hospitali Kigoma

Watu wakisikia ninasimamia mtandao wa hospitali hapa Kigoma, swali lao la kwanza huwa ni kasi. Mna megabiti ngapi? Nikijibu 10, wananionea huruma na kunishauri tuombe 50. Kasi ya ziada siikatai, bajeti ikiruhusu na ije. Ila miaka niliyoishi na mtandao huu imenizoesha kuuliza jambo jingine kwanza: njia ikijaa, nani asubiri? Maana njia hujaa. Ya megabiti 10 hujaa, ya 50 nayo hujaa, na siku inapojaa ndipo mgonjwa aliyetoka Kalinzi alfajiri anapoambiwa akae pembeni kidogo, mfumo haufunguki.

Nieleze kazi yenyewe. Hospitali yetu, ambayo sitaitaja, haitegemei tena majalada ya karatasi. Mgonjwa anasajiliwa kwenye mfumo, kadi yake ya bima inahakikiwa mtandaoni, namba ya malipo inatolewa na mfumo, vipimo vinaombwa na kujibiwa humo humo, na mfamasia hatoi dawa mpaka aione kwenye skrini. Seva iko Dar es Salaam. Kila kitufe kinachobonyezwa mapokezi kinasafiri umbali sawa na reli ya kati nzima, zaidi ya kilomita 1,200, kisha jibu linarudi umbali huo huo. Ukiusikia umbali huo unaweza kudhani ndio chanzo cha matatizo. Sio. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda Dar na kurudi ni kama milisekunde 13 kwa hesabu tupu. Ukiongeza kona za mkongo na mitambo ya njiani, alfajiri kabla hospitali haijachangamka tulikuwa tunapata kati ya 25 na 35. Hizo mtu hawezi kuzihisi.

Mambo yalikuwa yakiharibika kuanzia saa 3 na nusu asubuhi. Benchi za mapokezi zimejaa, wengine wamesimama nje. Sista anabonyeza kuhakiki kadi, kiduara kinazunguka, anabonyeza tena, kinazunguka. Anageuka kwa mgonjwa: "Mama, subiri kidogo, mtandao unasumbua." Dirisha la malipo hivyo hivyo, famasi hivyo hivyo. Tukimpigia mtoa huduma, anajibu kwamba njia yake ni nzima, na akipima anapata megabiti 9 na ushei. Nilipima mwenyewe nikapata kama yeye. Alikuwa anasema kweli, na Sista naye alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo mafundi wengi hukwama, kwa sababu kipimo cha kasi kinaonyesha njia inapitisha kiasi gani. Hakisemi pakiti yako, yaani kile kifurushi kidogo cha data, imesimama muda gani kabla ya kupita.

Kwa hiyo niliketi kwenye kompyuta ya mapokezi yenyewe, nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaanza kupiga pingi kwenda kwenye seva Dar, yaani kutuma pakiti ndogo na kuhesabu milisekunde mpaka jibu lirudi, huku Sista akiendelea na kazi kwenye mashine ya jirani. Namba zilianza 31, 29, 34. Zikawa 120. Zikawa 410, 980, 1,600, kisha mistari kadhaa ya kwamba muda umeisha bila jibu. Halafu ghafla 33 tena. Nikaiacha izunguke asubuhi nzima. Kila mara namba zilipopanda ndipo Sista alipoguna. Tangu siku hiyo sijawahi kubishana na mtumishi anayesema mtandao umegoma wakati taa zote za ruta ni za kijani.

Chanzo kinaeleweka ukikifuatilia taratibu. Ruta, modemu na redio zote zina bafa, yaani sehemu ya kuhifadhia pakiti zinapokuja nyingi kuliko njia inavyoweza kuzitoa. Nia ni njema, pakiti zisipotee. Lakini chukua bafa ya megabaiti 2 iliyokaa mbele ya njia ya megabiti 10. Megabaiti 2 ni megabiti 16, kuzimaliza kunachukua sekunde 1.6. Ombi la kuhakiki kadi ni dogo sana. Hata likifika kilobaiti 10, likiwa peke yake linatoka ndani ya milisekunde 8. Likiingia nyuma ya bafa iliyojaa picha na video za watu, linasimama sekunde 1.6 kabla halijatoka hata getini. Na ukurasa salama haufunguki kwa safari moja. Kuna safari ya kufungua mawasiliano, ya kukubaliana funguo za usimbaji, ya kuomba, ya kujibiwa. Zidisha mara tatu au nne, zimeshapita sekunde 5 au 6 na skrini bado nyeupe. Sista anabonyeza tena, ombi jingine linajipanga mkiani.

Tatizo hili la bafa kuvimba si la Kigoma peke yake. Mhandisi wa Marekani, Jim Gettys, ndiye aliyelipigia kelele kuanzia mwaka 2010, baada ya kulikuta kwenye intaneti ya nyumbani kwake. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa njia ya kulitibu iitwayo CoDel: badala ya kuangalia foleni ni ndefu kiasi gani, inaangalia pakiti imekaa humo muda gani. Ikikuta kusubiri kumezidi milisekunde 5 na hakushuki ndani ya milisekunde 100, inaanza kutupa pakiti chache ili watumaji wapunguze mwendo. Baadaye ikaunganishwa na utaratibu wa kumpa kila mzungumzaji foleni yake, ikaitwa FQ-CoDel. Ninaitaja kwa sababu ipo ndani ya ruta za bei ya kawaida tunazonunua, ikiwemo MikroTik yenye programu endeshi ya RouterOS toleo la 7, na hospitali nyingi wanayo tayari bila kuiwasha.

Kabla ya kugusa ruta, nilitaka kuwajua waliomo kwenye foleni. Kazi hii ndiyo niliyoipa muda mrefu kuliko zote, na mpaka leo naiona ndiyo kazi yenyewe. Nilichukua daftari nikapita idara moja baada ya nyingine, nikiuliza wanatumia nini, saa ngapi, na kikichelewa kinamuumiza nani. Usiku nilikuwa naoanisha majibu na takwimu za ruta.

Yalijitokeza mambo ambayo kwenye mkutano yasingesemwa. Simu, kwa mfano. Watumishi wanaingia zamu, wanaunga Wi-Fi, wanachomeka chaji. Simu ikipata Wi-Fi na umeme kwa pamoja, ndipo programu nyingi zinapoanza kupandisha picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mwenye simu hajui, simu iko mfukoni au kwenye kona ya meza. Asubuhi baada ya harusi au kipaimara, njia yetu ya kupandisha ilikuwa inajaa harusi nzima. Halafu kuna Jumatano. Microsoft hutoa masasisho ya Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 4 asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa 2 au saa 3 usiku kutegemea majira yao. Ofisi zetu zimeshazimwa. Jumatano saa 2 asubuhi kompyuta zote zinawashwa kwa pamoja, na kila moja inavuta sasisho lile lile kutoka nje. Watu wa malipo walikuwa wameshazoea kwamba kuna Jumatano mbaya, bila kujua inatoka wapi. Hilo lilikwisha kwa kuruhusu mashine za ndani zigawane sasisho zenyewe kwa zenyewe na kuzipangia muda wa kuvuta mchana wa saa 9. Halikuhitaji hata sheria moja ya kipaumbele.

Baada ya hapo ndipo nikaomba kikao na mganga mfawidhi na wakuu wa idara. Nilikwenda na daftari, na pendekezo moja: tuandike nani apite kwanza, nani awe na kiasi chake cha uhakika, na nani asubiri, kisha mganga mfawidhi aweke saini. Sikutaka uamuzi huo ukae kichwani mwangu. Fundi akiamua peke yake kwamba famasi ingoje, siku moja ataulizwa kwa mamlaka gani, na swali hilo ni la haki.

Kikao kilikuwa kirefu. Kila idara ilitaka daraja la kwanza, na kila idara ilikuwa na sababu nzito. Ofisi ya utawala walitaka mikutano ya video iwe juu kabisa, kwani ikikatika mbele ya wakubwa ni aibu. Mtu wa mionzi akasema picha zake za CT, zile za mionzi zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, zinakwenda kwa daktari bingwa Dar es Salaam, ni maisha ya watu. Maabara nao. Ndipo Sista mmoja wa wagonjwa wa nje, mtu mzima aliyekaa kazini miaka mingi, akasema maneno ambayo nayatumia mpaka leo ninapofundisha vijana: "Jamani, kule dharura sisi hatuulizi nani mtu mkubwa. Tunauliza nani akingoja ataharibikiwa. Anayetoka damu hakai benchi, na mwenye kikohozi hajadharauliwa akikaa."

Kikao kikageuka hapo. Tukaacha kushindana umuhimu, tukaanza kutenganisha umuhimu na haraka. Nakala ya hifadhi ya kanzidata ya usiku ni muhimu mno, ikipotea tumekwisha, lakini ikichelewa saa 2 hakuna anayeumia. Uhakiki wa kadi ni kitu kidogo cha kilobaiti chache, ila kuna mtu amesimama mbele ya dirisha. Simu za IP, zile zinazopitisha sauti kwenye mtandao huu huu, haziwezi kungoja kabisa: sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, kiwango kinachopendekezwa na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, watu wanaanza kukatizana maneno. Lakini simu moja ya kawaida ya IP inakula kama kilobiti 80 tu kila upande. Vitu visivyoweza kungoja, tuligundua, karibu vyote ni vyembamba. Vinene karibu vyote vinaweza kungoja kidogo.

Karibu. Picha za CT zilibaki ngumu, na mtu wa mionzi hakukubali kirahisi, na alikuwa sahihi kutokubali. Tulifanya hesabu naye pale pale ubaoni. Kipande kimoja cha CT ni pikseli 512 kwa 512, kila moja baiti 2, yaani nusu megabaiti. Kichwa cha mtu aliyeanguka na bodaboda kinaweza kuwa na vipande 300, hiyo ni megabaiti 150. Picha hizo zikipewa uhakika wa megabiti 1.5 tu na njia ikiwa imejaa, zitachukua dakika 13 na zaidi. Kwa picha ya kawaida ya miadi, dakika 13 si kitu. Kwa damu inayovuja kichwani ni nyingi mno. Kwa hiyo tukaweka milango miwili kwenye kompyuta inayotuma picha: mmoja wa kawaida, mmoja wa dharura. Daktari wa zamu ndiye anayesema dharura, mtu wa mionzi anachagua mlango, na ruta inautambua kwa namba yake, iitwayo poti. Picha ya dharura inaruhusiwa kuazima kila kilichobaki baada ya simu na mfumo wa wagonjwa, na kwa kawaida inamaliza ndani ya dakika 3.

Mgawanyo tuliousaini ulikuwa hivi: simu za IP megabiti 1 na zisizidi hapo, mfumo wa wagonjwa pamoja na bima na malipo megabiti 4, video 2, picha 1.5, na vingine vyote nusu megabiti. Kila kundi linaazima ambacho jirani hatumii. Hilo la "zisizidi hapo" msilipuuze. Foleni ya kwanza isipowekewa kikomo, siku ikivamiwa, labda na kifaa kibovu au programu iliyojipachika alama isiyo yake, itawanyima wengine wote hewa, na ruta itakuwa inatekeleza tu ulichoiambia.

Jumla ya namba hizo ni 9, na njia ni ya 10. Mhasibu aliliona mara moja. "Ndugu yangu, tunalipia 10 halafu wewe unafunga 9?" Nilimpeleka mapokezi nikamwonyesha. Sheria za kipaumbele zinafanya kazi pale foleni ilipo. Njia ikijaa na ruta yangu inatoa kwa megabiti 10 kamili, foleni inahamia kwenye kifaa cha mtoa huduma, na huko hakuna anayemjua Sista wala mfumo wake, wote wanapangwa kwa mpangilio wa kufika. Ukijibana chini kidogo ya uwezo wa njia, foleni inabaki kwako, ndani ya ukuta wako, ambako unaweza kuipanga. Niliwasha kikomo cha 9 mbele yake, nikawaambia wenzangu wawili wapandishe faili kubwa, pingi ikabaki kati ya 30 na 45. Nikakizima, ikapaa kuvuka 1,000. Mhasibu hakuuliza tena. Ile megabiti 1 tunayoiacha ndiyo iliyonunua utaratibu wote.

Upande wa kushusha una utata wake, kwa sababu foleni yake kwa asili iko kwa mtoa huduma na huwezi kumzuia mtu wa mbali asitume. Kinachosaidia ni kwamba itifaki za usafirishaji, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata kutumiana data, TCP na zile mpya pia, zinapunguza mwendo zikiona pakiti zinachelewa au kudondoka. Ukibana kwako, mtumaji wa mbali ndani ya muda mfupi anajirekebisha. Si papo hapo, lakini inatosha.

Kuhusu kutambua nini ni nini: vijana wanaotoka chuoni huja na orodha za poti. Siku hizi karibu kila kitu kinapita poti 443 kikiwa kimesimbwa, mfumo wa wagonjwa na video ya mpira vyote vinafanana ukivitazama kwa nje. Tuliacha kukisia kilichomo, tukaangalia kinatoka wapi na kinakwenda wapi. Kompyuta za huduma ziko kwenye VLAN yao, yaani mtandao wao uliotengwa ndani ya waya zile zile, simu za IP yao, mionzi yao, simu za mkononi za watumishi na wageni yao. Anwani za seva za mfumo, bima na malipo zinajulikana. Hiyo inatosha kupanga makundi. Ndani ya majengo tunapachika alama za DSCP, ile sehemu ya biti 6 kwenye kichwa cha pakiti, sauti ikipewa 46 kama ilivyo desturi, ili swichi na Wi-Fi nazo ziheshimu mpangilio. Nje ya ukuta alama hizo hazina uhakika. Intaneti ya kawaida haikuahidi kuziheshimu, na watoa huduma wengi huzifuta zikipita getini kwao. Ukitaka ziheshimiwe mpaka Dar, hilo liandikwe kwenye mkataba wa njia maalumu, pamoja na kiwango cha ucheleweshaji na upotevu wa pakiti. Soma mkataba wako kabla hujamlaumu mtu.

Wi-Fi tuliimaliza haraka: kompyuta za mapokezi, malipo na famasi zilivutiwa waya. Hakuna kipaumbele kitakachokuokoa kama kifaa cha mbali chenye mawimbi dhaifu kinaongea polepole na kuwakalia wengine hewa yote.

Mvua ndiyo iliyotufundisha zaidi. Kipande cha mwisho kutoka mnara wa mtoa huduma hadi kwetu kilikuwa redio ya maikrowevu, na masafa ya juu ya gigahezi 10 hudhoofishwa na mvua kubwa. Redio za sasa zina akili: mawimbi yakidhoofika zinashuka daraja ili zisikatike, kwa gharama ya kasi. Sasa hebu fikiria mvua ya Kigoma, ile inayoanza Oktoba na kuendelea mpaka Mei, inapiga bati kiasi kwamba watu mnaongea kwa ishara. Njia inashuka hadi megabiti 6. Kikomo changu kimeandikwa 9. Foleni imeshahamia kwenye redio, na hati tuliyosaini wote haina kazi kwa muda wa mvua hiyo, ambao mara nyingi ndio muda majeruhi wa barabarani wanaletwa. Tulichofanya ni kuandika programu fupi ndani ya ruta inayopiga pingi kila sekunde chache hadi kituo cha kwanza cha mtoa huduma. Kusubiri kukipanda na kubaki juu, inashusha kikomo hadi 5, ambazo ndizo sehemu za simu na mfumo wa wagonjwa, na makundi mengine yanabaki kuazima ambacho hao hawatumii. Mvua ikipita inapandisha taratibu. Video ndiyo inayoumia kwanza, na hilo nalo liliandikwa na kusainiwa, kwa hiyo siku mkutano unapokatika na radi inanguruma, simu yangu haiiti.

Njia ya akiba, ile ya mtandao wa simu za mkononi, inahitaji mgawanyo wake pia. Nimeona kwa wenzangu njia kuu inakatika, kila kitu kinahamia kwenye ruta ndogo ya 4G yenye megabiti 3 ikiwa na sheria zilizokatwa kwa 20. Kwetu, akiba ikiwaka, wageni na simu za mkononi za watumishi zinazimwa kabisa, na picha za kawaida zinangoja njia kuu irudi.

Kisha ikaja Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu upande wa kusini, na intaneti ikadhoofika Tanzania nzima pamoja na nchi jirani. Jumatatu asubuhi nilifika mapema nikitegemea msiba. Seva yetu iko Dar, mkongo wa ndani ya nchi ulikuwa mzima, kwa hiyo mfumo ulipaswa kufanya kazi. Kwenye kompyuta zenye mipangilio yetu ulifanya. Baadhi ya mashine mpya za maabara zilizoletwa na wafadhili hazikufungua kitu, na ilituchukua muda kugundua kwamba zilikuwa zinauliza majina ya tovuti kwa seva za DNS, zile zinazogeuza jina kuwa anwani, zilizoko nje ya nchi. Jina la seva iliyoko Dar lilikuwa linaulizwa ng'ambo, kupitia njia iliyokatika. Tukazielekeza kwenye DNS ya ndani, zikafunguka pale pale. Wiki hiyo watu mjini walikuwa hawapati WhatsApp vizuri, na mapokezi kadi zilihakikiwa. Sista yule wa wagonjwa wa nje alinipita koridoni akaniuliza, "Kwani baba, sisi tunatumia intaneti ipi?" Nikamjibu ni ile ile, ila tumeshaamua safari zipi zisiende mbali bila sababu.

Tangu hapo, kifaa kipya kikiletwa, awe ameleta nani, hakichomekwi swichini kabla hakijajazwa kwenye daftari: kinaongea na nani, kwa ukubwa gani, kikichelewa nani anaumia, na DNS yake ni ipi. Wafadhili wengine huona ni urasimu. Tunawapa fomu, ni ukurasa mmoja.

Kila mwezi natoa mchoro wa pingi ya mapokezi, kutoka ile ile kompyuta, nabandika ofisini kwa mganga mfawidhi. Sibandiki kipimo cha kasi. Mstari ukianza kuinuka saa 4 asubuhi siku mfululizo, najua kuna mgeni foleni, na napita tena idara kwa idara na daftari. Mara ya mwisho ilikuwa kamera mpya za ulinzi zilizokuwa zinapandisha video usiku na mchana. Kamera si adui, mlinzi anazihitaji. Zimewekewa kinasa sauti na picha cha hapa hapa ndani, na nje hazitoki mpaka mtu aombe kutazama.

Hivi karibuni kituo kimoja cha afya upande wa Uvinza wameniomba niwasaidie, wana megabiti 4 na njia moja tu. Waliniuliza wanunue ruta gani. Niliwajibu ruta waliyonayo inatosha kwa kuanzia. Wanitafutie kwanza muuguzi wa mapokezi, mtu wa malipo na mfamasia, tukae nao asubuhi moja saa 4, wakati benchi zimejaa.